Samaki 9 kati ya 14 wamekufa ndani ya siku 6. Wakuu, nimekosea wapi?

#1 Mgeni wa Maji (mleta uzi)
Habari wakuu, niende kwenye mada.

Nipo Kigamboni. Nilimwahidi binti yangu wa darasa la pili kwamba akimaliza muhula vizuri nitamletea samaki wa rangi nyumbani. Akashika nafasi ya tano, sikuwa na pa kukimbilia. Fundi vioo wa mtaani kwetu akanitengenezea tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, akasema linaingia lita 100. Nikaweka mchanga, mawe mawili, filta ndogo ya sponji na pampu ya hewa. Ijumaa jioni nikajaza maji. Jumamosi tukavuka na pantoni hadi dukani, binti akachagua mwenyewe: goldfishi 4, gapi 4, malaika 2, neoni 2, oska 1 wa urefu wa kidole cha kati, na yule mweusi anayenyonya vioo.

Jumatano asubuhi nikakuta goldfishi wawili wanaelea. Waliobaki walikuwa juu kabisa wanahema, midomo inagusa hewa. Hadi Ijumaa goldfishi wote wamekwisha, malaika wote, gapi mmoja, na neoni wawili sijaona hata mizoga yao. Wamebaki oska, mnyonyaji na gapi watatu.

Binti amewazika chini ya mwarobaini. Kila siku ananiuliza walikuwa wanaumwa nini na mimi sina jibu. Naomba msaada kabla sijanunua wengine.

#2 Nanga
Pole mkuu. Klorini hiyo. Umejaza maji Ijumaa, Jumamosi unaweka samaki. Maji ya bomba yanatakiwa yakae wazi saa 24 au zaidi, na pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi ndiyo vizuri, klorini ipeperuke. Wengi tumeanzia hapo hapo.

#3 Mgeni wa Maji
Asante mkuu Nanga, ila situmii bomba. Ni maji ya kisima cha nyumbani, hayawekwi dawa yoyote.

#4 Nanga
Basi naondoa hoja. Ulipaswa kusema mwanzo.

#5 Mzee wa Vioo
Kwanza turekebishe hesabu. 60 mara 30 mara 30 ni sentimita za ujazo 54,000, yaani lita 54. Toa mchanga, toa mawe, toa ile nafasi ya juu, maji yako halisi ni kama lita 45. Huyo fundi amekuongezea karibu mara mbili. Umeweka samaki 14 ukiamini una lita 100, kumbe una ndoo mbili kubwa na kidogo.

Mimi ni fundi, natengeneza haya matangi. Swali langu ni la silikoni. Alitumia ipi? Ile ya bafuni ya kuzuia ukungu ina dawa ya kuua fangasi ndani yake, na dawa hiyo huvuja kwenye maji taratibu. Kwa samaki inatakiwa silikoni tupu isiyo na kitu. Na tangi lilikauka siku ngapi? Silikoni ikiwa bado inanuka siki, haijaiva.

#6 Sponji Kuukuu
Naomba mnisome taratibu maana hili jambo huwa linawaua samaki wa watu kila wiki.

Samaki anakula, anajisaidia na kupumua ndani ya maji yale yale. Sehemu kubwa ya taka yake hutoka kwenye matamvua ikiwa amonia. Ziwani amonia inapotelea kwenye maji mengi. Kwenye lita 45 haina pa kwenda mpaka wapatikane bakteria wa kuila. Kuna kundi linaloigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaogelei kwenye maji. Wamejishika kwenye sponji, kwenye mchanga, kwenye vioo. Tangi jipya halina hata kiduchu, na kuwakuza ni kazi ya wiki 4 hadi 6.

Wewe umeingiza samaki 14 kwenye nyumba isiyo na choo. Siku ya tatu, ya nne, amonia imepanda. Kuhema juu ni dalili yake, matamvua yameungua. Ratiba yako inaingiana kabisa: Jumamosi wameingia, Jumatano wameanza kwenda.

Kitu ambacho wengi hawakijui: ukali wa amonia unategemea pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikipanda, asidi imepungua). Kwenye nyuzi 25 na pH 7, isiyofika asilimia 1 ndiyo iko kwenye hali ya sumu kali. pH ikiwa 8 inakuwa kama asilimia 5. pH 9, zaidi ya theluthi. Visima vya pwani mara nyingi maji yake ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na pH iko juu. Kwa hiyo kosa lile lile ambalo mtu wa Njombe angelifanya akapona, Kigamboni linaua.

#7 Mama Wawili
Pole kaka, na mpe pole binti. Mimi nauliza jambo dogo tu. Hapo nyumbani mlipuliza dawa ya mbu au ya mende wiki hiyo? Mwaka juzi nilipoteza wote kwa usiku mmoja, samaki niliokaa nao miaka miwili, kwa sababu dada wa kazi alipuliza dawa ya mbu sebuleni akafunga madirisha. Zile dawa kwa binadamu zimepimwa, kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo sana.

#8 Mgeni wa Maji
Dada Mama Wawili umenishtua. Jumanne walikuja vijana kupulizia dawa ya mende nyumba nzima. Tulitoka nje kwa muda wa saa tatu hivi. Tangi sikulifunika na pampu niliiacha inafanya kazi.

Mzee wa Vioo, nimempigia fundi. Anasema silikoni ilibaki kwenye kazi ya bafu la mteja. Lilikauka siku mbili.

#9 Mama Wawili
Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji. Yaani dawa yote iliyokuwa hewani umeipitisha kwenye mrija hadi kwa samaki. Mimi sina swali tena.

#10 Mzee wa Vioo
Na mimi sina swali tena, silikoni ya bafu na siku mbili!

#11 Sponji Kuukuu
Ngojeni jamani. Ingekuwa dawa ya mende, mbona gapi watatu wazima? Zile dawa hazichagui. Mama Wawili mwenyewe amesema wake walikwisha wote usiku mmoja. Hapa wamekufa kidogo kidogo siku tatu.

#12 Mama Wawili
Chumba changu kilikuwa kidogo na kimefungwa. Kipimo cha dawa hakikuwa sawa, kaka Sponji. Kidogo kinaua wadhaifu kwanza.

#13 Pwani Mchangani
Salaam kutoka Unguja. Nataka kuuliza kuhusu hicho kisima. Sabuni inatoa povu? Birika la chai lina ukoko mweupe ndani? Ukiyaonja yana chumvi?

#14 Mgeni wa Maji
Sabuni povu lake la kubembeleza. Birika lina ukoko kila mwezi tunakwangua. Chumvi ipo kwa mbali, wageni wanaisikia, sisi tumeshazoea. Na mchanga niliuchota ufukweni, nikauosha mara nyingi sana.

#15 Pwani Mchangani
Basi hapo ndipo penyewe. Dondoshea mchanga wako siki. Ukitoa mapovu, ni vipande vya kome na matumbawe, chokaa tupu, na kila siku unazidi kuyafanya maji magumu. Neoni asili yake ni vijito vya Amazoni, maji laini kama ya mvua yenye rangi ya chai. Umemtoa kule ukamtia kwenye maji ya kisima cha Kigamboni. Hata angekuwa peke yake ndani ya lita 45 asingekuwa na raha.

Jaribu majani makavu ya mkungu. Yaokote yaliyoanguka yenyewe, yaoshe, tia mawili au matatu. Wenzetu wa Asia wanaofuga samaki aina ya beta wanayanunua kwa pesa, sisi tunayafagia. Yanatia rangi ya chai na kupunguza pH.

#16 Sponji Kuukuu
Majani ya mkungu nayapenda na mimi natumia, ila hapo kwenye pH naomba nirekebishe. Kwenye maji laini kweli yanashusha. Kwenye maji yenye chokaa nyingi hayashushi chochote cha maana, chokaa inaimeza asidi yote. Atapata rangi na maficho tu, siyo maji laini.

#17 Pwani Mchangani
Nimekubali, wangu ninawafuga kwenye maji ya mvua ndiyo maana naona tofauti.

#18 Kifaranga
Neoni mnawatafutia sababu za kisayansi wakati mwuaji yupo humo humo anaogelea. Wawili wamepotea bila mizoga na kuna oska ndani ya tangi. Hesabu ya darasa la pili hiyo, mwulizeni binti!

#19 Mgeni wa Maji
Hahaha nimemsomea binti. Amesema alijua, maana oska alikuwa na tumbo kubwa Jumapili.

#20 Bahari ya Ndani
Binti ndiye atakuwa mtaalamu wa familia, mtunze.

Turudi kwenye uchaguzi wa samaki, maana hata haya yote yasingetokea, hilo tangi lingekuja kufa tu. Mkuu, oska anafika sentimita 30. Anahitaji lita 300 peke yake, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Huyo mnyonya vioo, pleko, anauzwa akiwa na urefu wa kidole na watu wanaambiwa ni msafishaji. Anakua hadi sentimita 40, na anachafua kuliko anavyosafisha. Goldfishi asili yake China, ni samaki wa maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22 ndipo anapostarehe. Dar es Salaam mwezi wa pili maji ya tangi yanafika 30. Malaika anataka kina, tangi la kimo cha sentimita 30 mapezi yake yanakunjika, na akikua neoni ni kitafunwa chake.

Kwa hiyo umeweka ndani ya lita 45 samaki wa baridi na wa joto, wa maji laini na maji magumu, mlaji na anayeliwa. Sikulaumu wewe, mwenye duka alipaswa kukuuliza tangi lako lina ukubwa gani na lina umri gani kabla ya kupokea pesa.

#21 Nanga
Nimerudi. Mleta uzi, umeme ulikatika wiki hiyo?

#22 Mgeni wa Maji
Ulikatika Jumanne usiku, saa nne hivi hadi kumepambazuka. Kwa nini?

#23 Nanga
Kwa sababu Jumatano asubuhi ndipo umewakuta. Wakuu someni hii. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu. Pampu imezimika usiku kucha, samaki 14 kwenye lita 45, na goldfishi ndiye mvutaji mkubwa kuliko wote humo ndani.

Halafu angalieni nani amepona. Pleko anaweza kupanda juu akameza hewa. Oska anajulikana kwa kuvumilia maji yenye hewa haba, huko kwao Amazoni maji ya mafuriko huwa hivyo. Gapi mdomo wake umeelekea juu, anakunywa ule utando wa juu kabisa wenye oksijeni. Wote waliobaki ni wale wanaoweza kuishi bila pampu! Hiyo siyo bahati.

#24 Kifaranga
Nanga leo umekuja na nyambizi.

#25 Sponji Kuukuu
Hoja nzuri mkuu, nakupa heshima yake. Ila ina mashimo mawili. Malaika na wale goldfishi wa mwisho wamekufa Alhamisi na Ijumaa, umeme umesharudi, pampu inapiga. Waliuliwa na nini? Pili, goldfishi ni katika samaki wanaosifika kwa kuvumilia ukosefu wa oksijeni, hata kule kwao bwawa likiganda juu.

#26 Nanga
Kwenye baridi. Umesema mwenyewe bwawa likiganda. Kwenye nyuzi 30 hana uvumilivu huo. Na waliokufa baadaye walishaumia usiku ule, filta nayo ilikaa saa nane bila maji kupita.

#27 Sponji Kuukuu
Filta ya siku nne haikuwa na bakteria wa kufa, mkuu.

#28 Mwisho wa Reli
Nawasoma kutoka Kigoma. Mnachonishangaza ni kwamba mtu ana maji magumu yenye pH ya juu na mnamwona kama mgonjwa. Maji hayo ndiyo yetu! Ziwa Tanganyika pH yake iko kati ya 8.6 na 9. Watu wa Ulaya wananunua chumvi maalumu wayafanye maji yao yafanane na ya kwetu.

Kuna kadogo kanaitwa na wataalamu Neolamprologus multifasciatus. Dume hafiki sentimita 5. Anaishi ndani ya ganda la konokono aliyekufa. Kila mmoja ana nyumba yake, anachimba mchanga kwa mdomo kulizunguka ganda lake, jirani akisogea anafukuzwa. Wanazaa humo humo na watoto wanakaa na wazazi, ukoo mzima kwenye tangi la sentimita 60. Mchanga wenye chokaa wala hauwasumbui. Mleta uzi ameujenga mtaa wao bila kujua, akawapangisha wageni.

Ila usimtume mtu akuvulie kienyeji. Kuvua na kusafirisha samaki wa mapambo kunahitaji kibali cha uvuvi. Tafuta mwenye leseni.

#29 Ughaibuni Baridi
Nathibitisha. Nipo Ujerumani, mji wetu maji ya bomba ni magumu, na jirani yangu mzee wa hapa ana matangi manne ya samaki wa Tanganyika. Siku aliyojua natoka Tanzania aliniuliza kuhusu Kigoma kuliko ninavyopajua mimi. Nilijisikia vibaya, likizo iliyofuata nikapanda treni kwenda kuona ziwa.

#30 Furu wa Mwanza
Na sisi wa Victoria tutajwe. Furu walikuwa aina mamia, wadogo, madume yana rangi ya kung'aa, jike anabeba mayai na watoto mdomoni wiki mbili hadi tatu bila kula. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi hatuzioni tena. Kuna baadhi leo zimebaki kwenye matangi ya Ulaya na Marekani tu. Babu yangu alikuwa anawakaanga, hakuna aliyefikiri ni wa kuangaliwa. Nikiona mtoto wa Kigamboni analilia samaki wa China na Amazoni, natamani siku moja aende dukani amkute furu.

#31 Pwani Mchangani
Furu wa Mwanza umenigusa. Huku Unguja tuna wetu pia, Nothobranchius guentheri, kisiwa hiki ndicho kwao. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yanangoja mvua nyingine. Dume ana magamba ya buluu na mkia mwekundu. Tulipokuwa wadogo tuliamini samaki wanashuka na mvua. Sasa madimbwi mengine yamefukiwa yamejengwa.

#32 Kambare Mkubwa
Mimi nashauri aweke sato. Akishindwa kuwatazama anakaanga.

#33 Bahari ya Ndani
Kambare Mkubwa njaa yako isituharibie uzi 😄

#34 Mgeni wa Maji
Wakuu nawashukuru. Nimepata mtu mwenye kipimo cha matone, amepima leo Jumapili. pH 8.2, amonia 2, nitriti 0.

#35 Sponji Kuukuu
Nadhani kesi imekwisha. Amonia inatakiwa iwe 0, na pH 8.2 ndiyo ile ya hatari niliyoisema. Toa nusu ya maji leo, robo kesho na keshokutwa. Chakula mara moja kwa siku, kidogo, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili.

#36 Nanga
Haijaisha. Kipimo ni cha Jumapili. Samaki saba wamefia humo, wengine wamelala usiku kucha ndani ya maji kabla hajawatoa. Mizoga inatoa amonia. Umepima matokeo ya msiba ukayaita chanzo cha kifo.

#37 Mama Wawili
Na dawa ya mende haipimwi na matone.

#38 Mzee wa Vioo
Wala silikoni.

#39 Mgeni wa Maji
Sasa nimeelewa kwa nini madaktari wanagombana. Niambieni basi, nifanye nini na hawa watano?

#40 Bahari ya Ndani
Oska nitamchukua mimi. Nipo Mbezi, nina tangi la lita 400, kuna mwenzake wa ukubwa wa kiganja. Nitaweka kizuizi katikati mpaka akue. Pleko mrudishe dukani, ila usimtupe mtoni wala mtaroni, kuna nchi mito yao imejaa hao na hawajui wafanye nini.

#41 Sponji Kuukuu
Mimi nipo Tabata. Njoo nikupe kipande cha sponji ya filta yangu ya miaka mitatu, imejaa bakteria. Kibebe kwenye mfuko wenye maji ya tangi, kisikauke, na ukifika kipachike kwenye filta yako siku hiyo hiyo. Kinapunguza wiki kadhaa za kusubiri. Bure kabisa. Na ukija kuosha sponji, ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, siyo kwenye maji ya bomba, klorini inaua bakteria.

#42 Mzee wa Vioo
Sponji nzuri, ila hilo tangi mimi nisingeweka kiumbe. Kwangua silikoni ile yote, gundisha upya, siku saba likauke. Kazi ya nusu siku.

#43 Kifaranga
Swali la wengi: akishatulia, lita 45 za maji magumu aweke nani na wangapi? Ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja bado inatumika?

#44 Bahari ya Ndani
Inakudanganya. Oska wa sentimita 30 na gapi kumi wa sentimita 3 kwa kanuni hiyo ni sawa, lakini uchafu wao haukaribiani hata kidogo. Angalia unene wa samaki na tabia yake.

Mimi ningeweka gapi madume 6, wale watatu wakiwamo humo, na konokono kadhaa. Basi. Gapi anapenda maji magumu. Moli pia anayapenda ila anafika sentimita 10, tangi dogo.

#45 Mama Wawili
Kwa nini madume tu? Mtoto atafurahi akiona vichanga.

#46 Bahari ya Ndani
Jike anazaa kila wiki nne, ishirini hata zaidi. Miezi mitatu atakuja kufungua uzi mwingine.

#47 Kifaranga
Awaweke majike tu basi, hawatazaa.

#48 Sponji Kuukuu
Watazaa. Jike wa dukani keshakutana na madume, anatunza mbegu miezi mingi na anazaa tena na tena bila dume.

#49 Mwisho wa Reli
Mimi bado nasubiri mtu akubali wale wa maganda ya konokono.

#50 Mgeni wa Maji
Mrejesho, wiki ya saba sasa.

Silikoni nilikwangua, Mzee wa Vioo akanielekeza kwa simu hatua kwa hatua. Sponji nilifuata Tabata. Maji nabadilisha robo kila Jumamosi, ya kisima hicho hicho. Pampu ya betri nimenunua kwa ajili ya umeme. Vipimo vya jana: amonia 0, nitriti 0, nitrati 20. Oska yuko Mbezi, binti anatumiwa picha. Gapi ni 6, mmoja tuliyedhani dume kumbe jike, kuna vichanga vinane chini ya majani ya mkungu.

Kesho vijana wa dawa ya mende wanarudi. Nifanyeje?

#51 Mama Wawili
Zima pampu na uchomoe mrija. Funika tangi lote kwa plastiki, juu yake taulo lililoloweshwa, pembe zote zibane. Wakimaliza fungua madirisha saa mbili tatu ndipo uwashe. Pampu ya betri iweke nje ya nyumba kabisa kwenye hewa safi na mrija mrefu kama unao.

#52 Mgeni wa Maji
Wamemaliza tangu saa nane. Nimefungua sasa hivi. Wote 6 wazima na vichanga nimehesabu saba, cha nane binti anakitafuta na tochi. Naona Mama Wawili alikuwa sahihi tangu mwanzo, ilikuwa dawa.

#53 Nanga
Mkuu safari hii umefunika. Ungeacha wazi wakafa, hapo ndipo ungesema ni dawa. Na pampu ulikuwa nayo.

#54 Sponji Kuukuu
Na amonia ilikuwa 0.

#55 Mzee wa Vioo
Na silikoni mpya.

#56 Mgeni wa Maji
Kimepatikana, kilikuwa nyuma ya filta. Nane.